Kushoto Ndefu, Inakaza

Mjini kwetu wananiita Kaza. Jina hilo sikupewa na wazazi, wala si la kunisifu. Lilitokana na ajali, na ajali hiyo nilitwikwa mimi, ingawa siku hiyo mikono yangu ilikuwa mapajani na miguu yangu haikugusa pedali hata moja. Nilikuwa kwenye kiti cha pili, mkanda umenibana, kazi yangu ni kusema tu.

Nieleze kazi yenyewe. Kila mwaka, siku moja, barabara ya milimani hufungwa tangu asubuhi hadi mchana, na magari ya mbio ya viti viwili hushindana: yale mafupi yaliyolala chini kama mjusi ukutani, ukiingia unahisi umekalia lami. Hayaondoki kwa pamoja. Yanaondoka moja moja, kila baada ya dakika, na mshindi anajulikana kwa saa. Dereva anaendesha, na mwenzake, anayeitwa msomaji, anamsomea njia kutoka daftarini: kona gani inakuja, ni kali au ndefu, mbele yake kuna daraja au tuta. Nyuma ya kilima dereva haoni kitu. Anaona kwa mdomo wa msomaji.

Mimi nilikuwa msomaji wa mume wangu miaka saba, na sikujua kusoma.

Shule sikwenda. Kwetu tulizaliwa sita, na mmoja alitakiwa abaki nyumbani kupika ili wengine waende, nikawa mimi. Nilipoolewa na Fundi, kwa kuwa ndivyo alivyoitwa na kila mtu, nilihamia gerejini kwake, chumba kimoja nyuma ya karakana, kitanda upande huu wa ukuta na mashine ya kuchomelea upande wa pili. Niliosha vipuri kwa petroli mpaka kucha zikageuka rangi. Kuendesha nilijifunza kwa kuyatoa na kuyaingiza magari ya wateja uani, mahali ambapo ukikosea kiganja kimoja umegonga. Na njia ya mbio niliijua kichwani, kona zote mia mbili na kumi na nne. Fundi alinipitisha mara mbili taratibu, nikatazama nimenyamaza. Mara ya tatu nikaanza kumtajia.

Wakati huo alitamba nami. "Wenzangu wana karatasi," aliwaambia madereva, "na karatasi hulowa. Huyu wangu halowi." Wakacheka, nami nikacheka. Nilikuwa mali.

Mwaka wa nane tukafika machimbo ya mawe, kilomita ya thelathini na moja. Barabara pale inapita ukingoni mwa shimo, ikapinda kushoto. Inaanza kwa upole, unaona umeshaimaliza, kumbe katikati inazidi kujikunja. Kona ya namna hiyo, kwa lugha yetu ya gereji, inakaza, kama nati. Nikamwambia, "Kushoto ndefu, inakaza." Fundi akakanyaga mafuta. Gari likatoka, likagonga jiwe la pembeni, likabiringika mara mbili, likalala mtaroni magurudumu juu. Yeye alivunjika mtulinga na mguu. Mimi nilitoka na mchubuko wa mkanda shingoni, na hata huo uzima wangu ukawa kosa.

Hospitalini madereva wenzake walikizunguka kitanda chake. Akawaambia, "Aliniambia kaza. Mtu akikwambia kaza, utafanya nini? Si unakaza mwendo?"

"Nilikwambia inakaza," nikasema. "Ina-kaza. Kona, si wewe."

Akageuzia uso ukutani. "Asiyejua maana haambiwi maana. Kosa ni langu, kumweka kando yangu mtu asiyejua hata a."

Mmoja akaguna, mwingine akacheka kwa pua. Kabla sijafika getini jina lilikuwa limeshanitangulia barabarani. Kamati ya mbio ikaweka sheria: msomaji lazima awe na daftari, na lazima ajue kusoma. Mwaka uliofuata Fundi akapata msomaji mpya, karani wa bima mwenye miwani minene, watu wakamwita Miwani. Alipata msomaji na mke kwa mpigo mmoja. Mimi nilipewa talaka uani, mbele ya gari lililoinuliwa kwa jeki, na nguo zangu zikawekwa kwenye boksi la chujio za oili. "Nenda kwenu," aliniambia.

Sikwenda kwetu. Nilivuka mji, nikaomba kazi kwa Bosi mmoja mwenye brekidauni, lile gari la kuvuta magari mabovu. Nimeliendesha miaka kumi. Nimeyatoa magari mitaroni, mtoni, na moja ndani ya duka la viatu. Barabara ya milimani ninaijua kwa minyororo: pale machimbo peke yake nimevuta magari tisa. Na kila ninapofika mahali, hakosekani mchekeshaji. "Mama Kaza, leo umemwambia nani akaze?" Nazungusha winchi.

Miaka hiyo yote niliamini jambo moja. Fundi alinisikia vizuri. Siku ile tulikuwa nyuma kwa sekunde nne, akaingiwa na tamaa, akakanyaga, akaanguka, akaona aibu, akanitupia mimi. Niliamini hivyo kama ninavyoamini kwamba moto unaunguza. Sikutaka anirudie, wala sikutaka gereji yake. Nilitaka aseme mbele ya watu neno moja tu: nilimsikia.

Nafasi ikaja kwa mlango wa uani. Bosi ana gari la mbio, jekundu, amelijenga mwenyewe kwa vipande vya magari matatu. Wiki mbili kabla ya mbio dereva wake akashikwa na mawe ya figo, akalazwa. Bosi akanikuta chini ya brekidauni napaka grisi.

"Mama, ile njia unaijua?"

"Kuliko walioitengeneza."

"Na hili jekundu unaliweza?"

"Nani amekuwa akilijaribu kila ukifungua injini? Jini?"

Akajikuna kichwa. "Lakini ile sheria ya kusoma..."

"Sheria ni ya msomaji," nikamwambia. "Dereva hata awe kipofu, hawakuandika."

Akacheka mpaka akakaa juu ya tairi. Akaenda kwenye kamati, wakatafuta kwenye vitabu vyao, hawakuona pa kunizuia. Kamba waliyonifungia mimi waliisahau upande mmoja.

Siku ya kukagua magari tulipanga foleni kwenye uwanja wa maonyesho. Fundi alikuwa magari matatu mbele yangu. Amenenepa, nywele za pembeni zimekuwa nyeupe. Aliponiona na helmeti mkononi akawageukia wenzake.

"Jamani, angalieni. Kaza amekuja kujikaza mwenyewe."

Wakacheka. Nikamsogelea mpaka nikaona mishono ya ovaroli yake. "Fundi, tuwekeane ahadi, na hawa wawe mashahidi. Saa yangu ikiwa nzuri kuliko yako, utapanda kwenye kipaza sauti useme kwamba siku ile ulinisikia."

"Sikukusikia hivyo."

"Utasema."

"Ukinishinda wewe, nitasema hata kwamba gari ni ndege. Na ukishindwa?"

"Nikishindwa, nitasimama palepale niseme mimi ni mjinga na nilikosea."

Kicheko kikakatika. Miwani alikuwa nyuma yake na daftari kifuani. Alimvuta mumewe mkono wa ovaroli, yeye akautoa. "Nimekubali," akasema.

Sasa nilihitaji msomaji. Mjini hapa nani angekaa kando ya Kaza? Nikaenda kwa shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Ni mtu wa mistari: hata kabati lake la vyombo, vikombe vimetazama upande mmoja. Dada alishika kiuno. "Unataka kuniulia mume?" Lakini Shemeji alikuwa ameshavaa viatu. Kustaafu kulikuwa kumemchosha kuliko kazi.

Tulipita njia taratibu kwa gari la Bosi la kawaida, mimi natamka, yeye anaandika. Nikisema "kulia kali, halafu inashuka, daraja," ananisimamisha. "Kinachoshuka ni nini, shemeji? Barabara au daraja?"

"Barabara, Mwalimu."

"Basi sema barabara inashuka."

"Ukisema yote hayo tutakuwa tumeshashuka, na wewe bado uko kwenye kiima."

Tulipofika machimbo nilimtamkia polepole: kushoto ndefu, inakaza. Nikamfanya aandike mbele yangu. Tukarudi, tukarudia mara ya pili akinisomea kutoka daftarini, na alisoma kama yuko mbele ya darasa, kila neno na heshima yake. Tulikuwa tunakwenda mwendo wa baiskeli, na bado kona zilitufikia kabla ya sentensi. Mwisho wa siku nikamwambia, "Shemeji, umeandika vizuri, lakini fupisha. Kata kila kinachokatika. Nataka neno lifike kabla ya kona."

"Nitanakili upya," akasema. Nililitaja mimi mwenyewe hilo neno, fupisha. Hakuna aliyenishurutisha.

Asubuhi ya mbio hewa ilikuwa kavu na lami nzuri. Fundi alikuwa namba tisa, sisi kumi na mbili. Ndani ya gari jekundu kuna harufu ya mpira na rangi ya kupuliza. Helmeti zetu ziliunganishwa kwa waya ili nimsikie Shemeji masikioni. Nikasikia anakohoa, anafungua kurasa, anasema, "Wanafunzi, tuko tayari?" kisha, "Samahani, shemeji. Mazoea." Mwenye bendera akahesabu kwa vidole. Nikaachia klachi.

Watu huniuliza nilijisikiaje. Nilijisikia niko kazini. Gari zito la brekidauni hukufundisha kutovuta usukani, na kutopiga breki mahali ambapo breki haikusaidii. Jekundu lilikuwa jepesi mno kwa mazoea yangu, kila nilichofanya lilikifanya mara mbili. Kona tano za kwanza nilikuwa natoka mapema, natumia nusu ya barabara kama mgeni. Kona ya sita nikalipata. Gia ya tatu, ya nne, breki, ya tatu. Sauti ya Shemeji ikawa imebadilika kabisa, fupi, kavu.

"Kulia kali. Shuka!"

Nikakaribia kucheka. Nishuke niende wapi? Lakini nikaelewa: inashuka. Alikuwa amekata vichwa vya maneno. Mbele kidogo akasema, "Kushoto, fungua!" na kona ikafunguka, nikaachilia gari likimbie. Vizuri. Maneno yalikuwa yanafika kabla ya kona, kama nilivyoomba. Kilomita ya ishirini mtu wa kamati aliinua ubao wenye saa zetu, Shemeji akanisomea: sekunde mbili tu nyuma ya Fundi. Mimi. Nikapumua kwa pua, nikaendelea.

Katika njia nzima kona zinazokaza ni tatu tu, na ya kwanza ni ile ya machimbo. Kwa hiyo neno lile lilikuwa bado halijatamkwa.

Tukapanda kilima, nikaona anga na ukingo wa shimo. Kona ile naijua. Nikiamshwa usingizini nitakuchorea. Najua jiwe lilipo, najua mtaro una kina gani, najua mti mfupi ambao watu hufungia minyororo. Shemeji akasema:

"Kushoto ndefu, kaza!"

Na mguu wangu ukakanyaga mafuta.

Mguu haukuniuliza. Sikio lilitoa amri na mguu ukatii; kichwa, pamoja na miaka yote ya kona ile, hakikuitwa kwenye mkutano. Gari lilichukua kasi vizuri, injini ikafurahi, na katikati barabara ikaanza kujikunja nami bado nimekanyaga. Nikaona jiwe. Nikaachia mafuta taratibu, maana ukiachia ghafla mkia unazunguka, nikaliacha gari liende nje kabisa, kwenye kipande cha changarawe ambacho mafundi wa barabara walikijaza mwaka juzi. Nilijua kipo kwa sababu ndipo ninapoegesha brekidauni. Magurudumu mawili yakapita pale yakirusha mawe, mkia ukagusa jiwe, taa ya nyuma ikalia kama sahani, tukarudi kwenye lami.

"Umesoma nini?" nikauliza.

"Kushoto ndefu, kaza."

"Kaza nini?"

"Kona! Si ulisema nifupishe? Nimeondoa 'ina' zote." Kisha akanyamaza. Yeye pia alikijua kisa, mji mzima unakijua. "Ya Rabi," akasema polepole. "Shemeji, nisamehe."

"Soma, Mwalimu. Usininyamazie. Soma."

Akasoma. Hakuruka mstari hata mmoja. Kona mbili zilizobaki za aina ile alisema "inakaza" kwa ukamilifu, kama anaitikia mbele ya mkaguzi. Mimi niliendesha kilomita arobaini na tatu zilizobaki vizuri kuliko zile za mwanzo. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu nilikuwa nimekasirika, na hasira yangu haikuwa na pa kwenda isipokuwa kwenye pedali. Nilikuwa nashinda mbio na kushindwa kesi. Kila gia niliyobadilisha nilijiambia: alikuwa na sikio kama langu. Nikabadilisha nyingine: lakini alisema mimi mjinga. Nyingine: mguu haukuniuliza. Nyingine: hospitalini alikuwa na muda wa kufikiri.

Tulipovuka mstari tulipewa karatasi yenye saa yetu. Shemeji akaisoma mara mbili, kisha akaenda kwenye meza ya kamati akaulizia ya Fundi. Akarudi amevua kofia. "Wa tano," akasema. "Yeye wa sita. Sekunde sita."

Bosi alinikumbatia na grisi yake yote. Alikagua taa iliyovunjika, akasema taa si kitu, gari lisilo na kovu halijaolewa. Mimi nilikuwa natazama jukwaa. Fundi alikuwa amekaa kwenye ngazi zake, anafungua viatu, polepole, kamba moja baada ya nyingine.

Miwani akanifuata na chupa ya maji. "Dada, hongera."

"Mimi si dada yako."

"Haya, mama." Akanipa maji hata hivyo, nami nilikuwa na kiu, nikayachukua. Akatazama nyuma kabla ya kusema. "Nikuambie jambo. Lile neno kwetu halisemwi. Mwaka wa kwanza niliandika 'inakaza' kama wasomaji wote, akaichana karatasi. Sasa naandika 'inafunga'. Hata gerejini, wafanyakazi hawaruhusiwi kusema kaza nati. Wanasema funga mpaka ikatae. Wateja wanacheka. Na kona ile anaipita kama amebeba mayai, ndiyo hizo sekunde sita zako."

"Kwa nini unaniambia mimi?"

"Kwa sababu anapanda pale kusema uongo kwa ajili ya ubishi wenu. Wewe utakwenda zako. Mimi ndiye ninayerudi naye nyumbani."

Nilimwona kwa mara ya kwanza, nadhani. Chini ya ile miwani alikuwa na macho ya mtu asiyelala vizuri. Nilitaka kumwambia kitu kikali, nilikuwa nacho tayari tangu miaka kumi. Nikanywa maji.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mtu anayedanganya kuhusu neno halikimbii neno hilo miaka kumi na moja, ndani ya gereji yake mwenyewe, mahali ambapo nati zinakazwa tangu asubuhi hadi jioni. Nililielewa hilo palepale, chupa ikiwa mdomoni. Kutoka niliposimama mpaka jukwaani ni hatua thelathini. Fundi alikuwa ameshapanda, anaomba kipaza sauti kwa mtangazaji. Ningeweza kunyanyua mkono. Ningeweza kuita jina lake, na angeshuka.

Sikunyanyua.

Akapiga kipaza sauti kwa kidole. "Miaka kumi na moja iliyopita," akasema, "pale machimbo, msomaji wangu aliniambia inakaza. Nilimsikia. Nikakanyaga kwa tamaa yangu. Kosa lilikuwa langu." Aliyasema kama mtu anayesoma orodha ya vipuri, bila kupanda wala kushuka. Nilitambua kwamba neno lile alilitamka waziwazi, mbele ya watu, na shavu lake likacheza. Mtu akapiga mluzi, wakapiga makofi, na mchekeshaji mmoja akapaza sauti, "Kaza hoyee!" Wakaitikia. Shemeji kando yangu alikuwa anatazama ncha za viatu vyake.

"Utakwenda kuwaambia?" akaniuliza.

"Niwaambie nini?"

"Unajua la kuwaambia."

"Kafungashe daftari lako, Mwalimu."

Fundi aliposhuka alikuja moja kwa moja. Mashahidi walitupisha, wakidhani tutatukanana, wakasimama karibu kiasi cha kusikia. Alisubiri mpaka wakachoka wakaondoka.

"Umefurahi?"

"Nimepata nilichokuja kuchukua."

"Si kweli nilichosema."

"Najua."

Alinitazama kama anayetazama gari lililowaka bila ufunguo. "Unajua? Tangu lini?"

"Tangu leo asubuhi. Shemeji alisoma kaza, nami nikakanyaga. Nenda kaangalie taa yangu ya nyuma."

Akaenda kweli. Aliinama, akagusa bati lililokunjika kwa kidole gumba kama wafanyavyo mafundi, akarudi. Midomo yake ilikuwa myeupe. "Na ukaniacha nipande pale juu."

"Nilikuacha."

"Mbele ya watu wote wale. Ulijua, na ukaniacha."

"Fundi, mimi uliniacha mbele ya watu haohao. Ulisikia kaza, sawa. Sikio si kosa. Lakini nilikaa kando ya kitanda chako siku kumi na mbili, nikikulisha kwa kijiko, na hukuniuliza hata siku moja, mke wangu, ulisema nini? Uliwaambia wengine nilichosema. Mimi hukuniuliza."

Kwa pembeni mafundi walikuwa wanapandisha magari kwenye matrela, na mtu alikuwa anagombana na bendera iliyonasa kwenye kamba. Miwani alisimama kwenye gari lao, mlango wazi, hakumwita.

"Basi nakuuliza," Fundi akasema. Sauti ilikuwa ya chini, ya zamani. "Siku ile. Ulisema nini?"

Nilifungua kinywa mara moja, maana jibu nililibeba miaka yote hiyo kama ufunguo shingoni. Na hapo ndipo nilipokwama. Nilisikia sauti yangu ya siku ile, ya haraka, injini ikilia, sisi tuko nyuma kwa sekunde nne, naye akiwa ameniambia pale tulipoona ubao wa saa: harakisha maneno, mke wangu, harakisha. Nilikuwa nimelisahau hilo. Herufi tatu, i na n na a, ambazo siku hizo nisingezitambua hata zikiandikwa ukutani. Nimejifunza baadaye, kwa Shemeji, kwenye meza ya jikoni ya dada yangu.

"Nilisema inakaza," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa. "Sawa," akasema. Alivaa kofia yake, akaenda kwa mkewe.

Nimeandika haya kwa sababu watu wa mjini wanalo lile la kwenye kipaza sauti, na hilo lingine hawana. Fundi hakudanganya kuhusu alichokisikia. Mengine yote aliyonifanyia aliyafanya akisikia vizuri. Na kama ile "ina" ilitoka kinywani mwangu siku ile au ilibaki kwenye meno, siwezi kuapa tena. Aliyekuwa karibu zaidi na midomo yetu ni ile injini, na iliuzwa chuma chakavu.